Umekunywa kiasi gani leo? Kula na kunywa katika wiki nane za mwanzo baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Siku ya nane baada ya upasuaji nilirudishwa hospitali, na sikuwa nimekula kitu kibaya hata kimoja. Sukari, nyama, mkate, vyote sikuvigusa. Kilichonirudisha ni maji. Nilikuwa nakunywa nikikumbuka, mafunda mawili matatu, kisha najiambia tumbo limejaa. Mkojo ukawa mchache na mweusi kama chai isiyo na maziwa, na kila nikisimama macho yanaingia giza. Muuguzi aliyenitundikia dripu aliniuliza, "Mama, tangu asubuhi umekunywa kiasi gani?" Nikakosa jibu. Sikuwa nimepima.

Miaka minne imepita. Mwaka mmoja baada yangu, dada yangu mkubwa naye alifanyiwa, ila wa kwake ulikuwa wa baipasi, na mimi ndiye niliyempikia wiki zote nane. Kwa hiyo wiki hizi nimezipita mara mbili, kwanza kama mgonjwa, kisha kama mpishi wa mgonjwa. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyotamani kuambiwa kabla sijaingia chumba cha upasuaji. Karatasi ya maelekezo uliyopewa na daktari wako iko juu ya maneno yangu. Vituo vinatofautiana kwa siku kadhaa kuhusu lini uvuke hatua gani, na daktari wako ndiye aliyeliona tumbo lako kwa macho. Tukipishana, fuata karatasi.

Tumbo ulilobaki nalo

Mimi nilikatwa tumbo kwa urefu. Karibu robo tatu hadi asilimia 80 ya tumbo iliondolewa, likabaki bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Dada yangu hakuondolewa tumbo. Alitengenezewa kifuko kidogo upande wa juu, cha mililita 30 hivi, sawa na vijiko viwili vya chakula, kisha utumbo mwembamba ukavutwa na kuunganishwa na kifuko hicho, chakula kikawa kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Katika njia zote mbili ndani kuna mshono mrefu wa vibanio vidogo vya chuma, na pembeni mwa mshono nyama imevimba. Uvimbe huo ndio unaofanya hata maji matupu yaonekane mazito wiki ya kwanza. Hujavunjika, umevimba tu, na uvimbe hupungua.

Jambo la pili la kulielewa ni njaa. Sehemu niliyoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi ghrelini, homoni inayotutuma kutafuta chakula. Ndiyo maana wengi wetu tunaamka baada ya upasuaji hatuhisi njaa, na kiu nayo inafifia. Siku tatu za kwanza nilifurahi mno. Sikujua kwamba kengele iliyokuwa ikinikumbusha kula na kunywa tangu utotoni imezimwa, na kwamba hakuna kitu kitakachoniamsha nikisahau. Kwa wiki hizi nane kengele yako ni saa ya ukutani na kipimo kilicho mkononi. Ukimwona mtu anayekwambia "sikiliza mwili wako" katika mwezi wa kwanza, mwache aendelee na habari zake. Mwili wako kwa sasa unajua kusema jambo moja tu, "nimejaa." Hilo lisikilize. Mengine yote pima.

Wiki ya kwanza na ya pili: kikombe cha dawa

Omba kile kikombe kidogo cha plastiki cha kupimia dawa, chenye mistari, cha mililita 30. Ukirudi nacho nyumbani umerudi na chombo bora kuliko vyote jikoni. Kunywa kikombe kimoja kila robo saa, kwa mafunda madogo madogo, usikimimine. Vikombe vinne kwa saa ni mililita 120. Ukifanya hivyo kwa saa 12 umekunywa mililita 1,440, karibu lita moja na nusu ambayo miongozo mingi inaitaja kuwa kiwango cha chini kwa siku. Siku mbili tatu za kwanza huenda usifike hapo. Panda kidogo kila siku.

Kwa dada yangu nilifanya hivi: kila asubuhi nilijaza chupa ya lita moja na nusu, nikaibandika vipande vya plasta ubavuni, kila kipande kimeandikwa saa. Saa nne asubuhi maji yawe yameshuka hadi hapa, saa sita hadi pale. Mtu yeyote aliyepita chumbani aliweza kuona kama tuko nyuma, bila kumsumbua mgonjwa kwa maswali. Hakurudi hospitali.

Siku moja mbili za mwanzo ni vinywaji vinavyopitisha mwanga: maji, mchuzi wa kuku uliochujwa, chai nyepesi isiyo na kafeini, jeli isiyo na sukari. Wengi huambiwa waendelee hivyo hadi wiki nzima. Maji baridi yakikukaba, jaribu ya vuguvugu. Mimi maji yalinionjesha ladha ya chuma kwa siku kumi hivi, nikayaokoa kwa kipande cha limau au majani mawili ya mnanaa. Usitumie mrija, kwa sababu unavuta hewa, na hewa kwenye tumbo jembamba ni maumivu. Soda na kila chenye gesi kiache. Juisi tamu pia. Kahawa isubiri hadi daktari aruhusu.

Mchuzi uupike siku kabla ya upasuaji, uugandishe. Chukua kuku na mifupa yake, kitunguu, karoti, kipande cha tangawizi na chumvi kidogo, bila pilipili. Chemsha taratibu saa mbili, chuja kwa kitambaa safi, weka frijini usiku kucha. Asubuhi utakuta mafuta yameganda juu kama kifuniko. Yatoe yote. Kinachobaki ni mchuzi usiokera tumbo. Nakuonya jambo moja tu: mchuzi unatuliza na unaleta maji na chumvi, lakini protini yake ni ndogo. Nimekutana na mtu aliyeishi kwa mchuzi mtupu wiki mbili akidhani anakula.

Protini ndiyo inayofunga mshono na kuzuia misuli isiyeyuke pamoja na mafuta. Miongozo ya Marekani ya 2019 kuhusu huduma za upasuaji huu inataja angalau gramu 60 kwa siku. Ukiruhusiwa vinywaji vizito, yaani maziwa, mtindi mwepesi, supu iliyosagwa na kuchujwa, anza kuihesabu. Kinywaji kilichonibeba mimi ni hiki: nusu lita ya maziwa yasiyo na mafuta, ndani yake vijiko vinne vya chakula vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta, vikorogwe hadi viyeyuke kabisa. Hapo una gramu 25 hivi za protini, na ladha yake ni ya maziwa tu. Nikiongeza unga wa protini ya maziwa kwenye glasi nyingine, kwa kawaida gramu 20 hivi kwa kipimo kimoja, kazi ya siku inakuwa imevuka nusu. Soma lebo: sukari iwe ndogo, protini iwe kubwa.

Dada yangu maziwa yalimkataa siku ya tano. Tumbo lilinguruma, likajaa gesi, akaharisha. Baada ya baipasi hilo hutokea hata kwa mtu aliyekuwa akinywa maziwa maisha yake yote. Tulihamia maziwa yasiyo na laktosi, yaani sukari ya asili ya maziwa, na maziwa ya soya, na ule unga wa protini tukachagua aina iliyosafishwa laktosi, tumbo likatulia siku ya pili yake.

Mimi gramu 60 sikuzifikia hadi wiki ya tatu, dada yangu hadi wiki ya nne. Tuliandika daftarini kila jioni: maji kiasi gani, protini kiasi gani. Namba ikipanda kila baada ya siku chache, uko njiani. Lakini siku ukilazimika kuchagua kati ya maji na protini, chagua maji. Upungufu wa protini wa siku moja hautakupeleka popote. Upungufu wa maji wa siku mbili ulinipeleka kwenye dripu.

Wiki ya tatu na ya nne: blenda

Hapa ndipo watu wengi hujikwaa, kwa sababu mtu anajisikia mzima, vidonda vya nje vimekauka, anatembea, ndani mshono bado ni mchanga. Chakula kiwe laini kama cha mtoto mchanga anayeanza kula. Jaribio langu: chota kwa kijiko, kigeuze. Kikidondoka chenyewe kwa uzito wake, na ukikisugua kati ya vidole viwili usikute punje wala uzi, kinafaa. Ukikuta punje, rudisha kwenye blenda na mchuzi zaidi.

Samaki mweupe ndiye mwanzo mzuri kuliko wote. Mchemshe kwenye ule mchuzi dakika chache tu, toa ngozi, pitisha vidole kutafuta miiba mara mbili, kisha saga na mchuzi wake. Dengu zilizoiva hadi kupasuka, zisage na uzipitishe kwenye chujio ili maganda yabaki nyuma. Jibini laini jeupe halihitaji hata kusagwa sana. Kuku anasagika, ila anahitaji mchuzi mwingi kuliko unavyodhani, la sivyo anakuwa kama unga mkavu unaokaba.

Chakula nilichokipenda, na ambacho dada yangu alikula karibu kila asubuhi, ni yai la mvuke. Piga yai moja na maziwa nusu kikombe cha chai, chumvi kidogo, chuja, mimina kwenye bakuli dogo, funika, weka juu ya mvuke mdogo dakika kumi hadi litikisike kama jeli. Moto ukiwa mkali linakuwa gumu na kutoa maji, kwa hiyo punguza. Yai lina gramu 6 au 7 za protini, na maziwa yanaongeza, na linateleza bila kuomba ruhusa ya mtu.

Usipike kila mlo. Pika mara mbili kwa wiki, saga, mimina kwenye trei ya barafu, gandisha. Kitundu kimoja cha trei nyingi ni mililita 30 hivi, kwa hiyo kipimo kimejipima chenyewe: vipande viwili ndio mlo mwanzoni, baadaye vitatu, kisha vinne mwishoni mwa wiki ya nne. Usiku nikiwa nimechoka kumpikia dada yangu, trei ile iliniokoa. Nilikuwa na trei ya samaki, ya dengu na ya kuku, kila moja na jina lake, maana zikiganda zote zinafanana.

Kula kwa kijiko cha chai, kwenye kisosi. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Kila ukimeza, weka kijiko chini, mkono utoke. Mimi nilikuwa mlaji wa haraka tangu utoto, na hili lilinisumbua kuliko njaa, hadi nilipoanza kugeuza kibao cha saa ya mchanga: kijiko kimoja kwa kila dakika.

Sasa jambo la kutochanganya kula na kunywa. Ukianza kula vizito, acha kunywa wakati wa mlo, na usinywe tena hadi nusu saa ipite baada ya kumaliza. Tumbo dogo halina nafasi ya vyote viwili. Maji yanajaza sehemu ya chakula, au yanakisukuma chakula kishuke haraka kabla hujakitumia. Wengi hushangaa kwamba kuanzia hapa maji ndiyo yanayopungua tena, kwa sababu milo imekula saa za kunywa. Ratiba tuliyoifuata ilikuwa hivi: kuamka saa kumi na mbili, kunywa hadi saa moja na nusu, mlo wa kwanza saa moja na dakika 45, kunywa tena kuanzia saa mbili na dakika 45 hadi saa nne na nusu, kisha kitu kidogo chenye protini, na mzunguko unaendelea hadi usiku, milo mitano midogo. Kati ya milo hakuna mapumziko ya kunywa. Chupa inatembea nawe hadi chooni.

Jifunze alama yako ya kujaa. Ya dada yangu ni mgandamizo nyuma ya mfupa wa kifua. Yangu ni ya ajabu zaidi: pua inaanza kutiririka, kisha kwikwi moja. Wengine hupiga chafya, wengine huvuta pumzi ndefu bila kujua. Ukiiona alama hiyo acha hapo hapo, hata kama kijiko kiko njiani kuelekea mdomoni. Kijiko kinachofuata ndicho kinachotapisha.

Siku ya 25 nilivunja utaratibu. Jamaa walikuja kuniona, kukawa na kuku wa kuokwa, nikachukua kipande cha kidari ukubwa wa kidole gumba. Nilikitafuna, lakini nilikitafuna huku naongea. Kilikwama. Kifua kilibana, mate yakaanza kujaa mdomoni, mazito, yenye povu, nikawa natema kwenye kitambaa mbele ya wageni. Nilifanya kosa la pili: nikanywa maji ili kukisukuma. Maji yakakaa juu yake, maumivu yakaongezeka mara mbili. Ikikutokea, acha kula, acha kunywa, simama, tembea polepole chumbani, legeza mabega. Mara nyingi hushuka chenyewe, au hurudi juu. Baada ya hapo kaa na vinywaji tu hadi kesho yake, kwa kuwa tumbo limechubuka. Ikipita saa kadhaa hata mate hayashuki, nenda hospitali.

Kwenye wiki ya tatu pia mizani husimama. Ilisimama kwangu siku tisa, kwa dada yangu sita. Inatokea kwa watu wengi sana, kwa sababu mwili unarudisha maji na akiba yake ya sukari baada ya mshtuko wa siku za kwanza. Usipunguze chakula. Weka mizani uvunguni mwa kitanda, endelea na chupa.

Wiki ya tano hadi ya nane: uma

Ukiruhusiwa vyakula laini, blenda inapumzika na uma unashika kazi. Kipimo: kibonyeze kwa mgongo wa uma. Kikisambaratika bila nguvu, ni chako. Samaki anayeachana vipande, yai la kuchemsha maji bila ganda, nyama ya kuku iliyosagwa na kupikwa ndani ya mchuzi mzito, maharage yaliyoiva sana, boga, karoti laini, parachichi, ndizi iliyoiva. Tafuna kila tonge mara 20 hadi 30, hadi liwe uji mdomoni, kwa sababu kazi aliyokuwa akiifanya tumbo sasa anaifanya jino.

Anza na protini kila mlo. Ukijaa kabla hujafika kwenye mboga, si kitu, ulichokihitaji kimeshaingia. Mboga ndiyo ya pili, na wanga ndio wa mwisho, vijiko viwili kama nafasi imebaki. Mlo mzima kufika wiki ya nane kwangu ulikuwa kama robo hadi nusu ya kikombe cha chai. Usimtazame mwenzako aliyefanyiwa siku moja nawe.

Vinavyokwama zaidi ni vitatu. Mkate laini hugeuka donge la gundi, na mkate uliokaushwa hadi kuvunjika hupita vizuri kuliko ule mpya. Wali na tambi huvimba ndani. Nyama nyekundu ya nyuzi na kidari kikavu hukataa kutafunika. Kiporo cha nyama kilichopashwa moto bila mchuzi ni adui yuleyule katika nguo nyingine, kwa hiyo kila ukipasha, ongeza kimiminika. Maganda ya matunda, nyuzi za chungwa, karanga nzima, mboga mbichi, vyote hivi visubiri. Chakula kipya kiwe kimoja kwa siku, kijiko kimoja tu, mchana, siyo usiku. Kikikukataa leo, kiandike, ukijaribu tena baada ya wiki mbili. Yai la kukaanga lilinikataa mara tatu kabla halijakubali.

Dada yangu alipata somo lake wiki ya sita kwa nusu glasi ya juisi tamu. Dakika 20 baadaye alilowa jasho la baridi, moyo ukamwenda mbio, tumbo likamkata, akalala sakafuni akidhani anakufa. Baada ya baipasi, na wakati mwingine baada ya upasuaji wa aina yangu, sukari nyingi hudondoka kwenye utumbo kwa mkupuo, utumbo unavuta maji kuiyeyusha, mwili mzima unayumba. Hutokea dakika 10 hadi 30 baada ya kula. Kuna namna nyingine inayochelewa, saa moja hadi tatu, ambapo mwili umemwaga insulini kupita kiasi na sukari ya damu ikashuka: kutetemeka, kizunguzungu, njaa ya ghafla. Lala, tulia, ya kwanza hupita yenyewe. Ya pili ikijirudia, mwambie daktari. Vyakula vyenye mafuta mengi navyo humletea wengine hali hiyo ya kwanza.

Choo kitakuwa kigumu, kwa sababu unakula kidogo, unywaji bado ni wa kupambana, na vidonge vya chuma vinaongeza. Maji kwanza, kutembea, na ukifika siku ya nne bila choo uliza dawa laini ya kulainisha. Usijikamue.

Vidonge

Hivi ni vya maisha, na ukiviacha madhara yake hayaonekani kesho wala mwezi ujao, ndiyo maana watu huviacha. Mwanzoni tumia vya kutafuna au vya maji. Kwa kawaida ni vitamini mchanganyiko, B12, D, madini ya chuma na kalsiamu. Kalsiamu ni miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku kwa aina zetu mbili za upasuaji, lakini mwili hauchukui zaidi ya 500 au 600 kwa mara moja, kwa hiyo igawe mara mbili au tatu. Chagua kalsiamu ya sitrati, kwa kuwa haitegemei asidi ya tumbo ambayo sasa umepungukiwa. Chuma na kalsiamu vinagombania mlango mmoja, vipishanishe angalau saa mbili. Sisi tulimeza chuma asubuhi, kalsiamu mchana na jioni. Chai usiiweke karibu na chuma.

Nywele zitapukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Zangu zilijaa kwenye kitana hadi nikalia. Sehemu kubwa ni mshtuko wa upasuaji na wa kupungua haraka, na zinarudi. Lakini protini ndogo na chuma kidogo huzidisha, na ndiyo sababu nyingine ya daftari. Damu ipimwe kwa ratiba uliyopewa, kwa kawaida ya kwanza ni mwezi wa tatu hivi.

Dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki usimeze bila ruhusa ya daktari wako wa upasuaji, hasa ukiwa na baipasi, kwa sababu huchimba vidonda pale kwenye kiungio. Sigara hufanya hivyo hivyo. Pombe huingia kwenye damu upesi na kukaa muda mrefu kuliko zamani, iache. Na kama ulikuwa unatumia dawa za kisukari au za presha, dozi yako ya zamani inaweza kuwa kubwa mno ndani ya wiki ya kwanza. Usibadilishe mwenyewe, piga simu upangiwe upya. Daktari akikuandikia dawa ya kuzuia mawe ya nyongo, imeze hadi mwisho, kwa sababu kupungua haraka hutengeneza mawe hayo.

Piga simu siku hiyo hiyo

Piga kama mkojo umekuwa mweusi au mchache na maji hayaongezeki, au unatapika kila unachokunywa kwa siku nzima. Kutapika kunakoendelea humaliza vitamini B1 mwilini haraka, na ikiisha inadhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Ukiona macho yanaona vitu viwili viwili, miguu inayumba au akili imechanganyikiwa, wewe au anayekutunza mwambieni daktari maneno haya: "Amefanyiwa upasuaji wa tumbo, anatapika, hajapata B1." Mseme hivyo kabla hajatundikiwa dripu ya sukari, maana sukari bila B1 inazidisha hatari.

Homa, moyo unaokwenda mbio ukiwa umelala, zaidi ya mapigo 120 kwa dakika, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, maumivu ya bega la kushoto, pumzi fupi: hizo ni dalili za mshono kuvuja au damu kuganda kwenye mapafu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, inaweza kuwa damu imeganda mguuni. Choo cheusi kama lami au matapishi yenye damu ni kutokwa damu ndani. Kwa hayo usipige simu ukasubiri kupigiwa. Nenda usiku huo huo, na daftari lako mkononi, maana swali la kwanza utakaloulizwa ni lile lile nililoshindwa mimi.